Reba McEntire na nyimbo zisizokwepa kaburi

Wimbo "Jesus Loves Me", ambao watoto wa shule ya Jumapili huimbishwa kabla hata hawajajua kusoma, haukuandikwa kwa ajili ya darasa la watoto. Maneno yake aliyatunga Anna Bartlett Warner wa Marekani mwaka 1860, ili yaingie katika riwaya ya dada yake, Susan. Ndani ya riwaya hiyo mtoto mdogo yu mahututi kitandani, na anayemuuguza anampa mistari hiyo ili kumtuliza. Mtoto haponi. Miaka miwili baadaye William Bradbury akayatungia maneno hayo tuni, akaongeza kiitikio, na wimbo ukaanza safari yake hadi kwenye vinywa vya watoto wazima wanaorukaruka na kupiga makofi.

Nimeanzia hapo kwa sababu ndipo alipoanzia Reba McEntire, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Albamu yake ya injili, "Sing It Now: Songs of Faith & Hope", iliyotoka Februari 2017, inafunguliwa na wimbo huo. Ana sababu zake. Amesimulia mara nyingi jinsi wazazi wao walivyowachukua kwenye safari za mashindano ya rodeo, yale ya kupanda farasi na kukamata ng'ombe, na jinsi siku moja, katika ukumbi wa hoteli mjini Cheyenne, kaka yake Pake alivyoimba akatuzwa sarafu ya senti 25. Reba, mtoto mdogo, akataka na yeye apate yake. Akaimba "Jesus Loves Me", akapewa senti 5. Hayo ndiyo malipo yake ya kwanza ya uimbaji. Zaidi ya miaka 50 ikapita kabla hajaurudia wimbo ule kwenye albamu inayobeba imani yake waziwazi, na wakati huo alikuwa tayari malkia wa muziki wa kantri.

Albamu ina diski mbili, kila moja nyimbo 10. Ya kwanza ni ya tenzi za kale, zile ambazo Wakristo wengi hawahitaji kitabu kuziimba. Ya pili ni ya nyimbo za sasa. Jay DeMarcus wa kundi la Rascal Flatts aliongoza utayarishaji, na Januari 2018 kazi hiyo ikampa Reba tuzo ya Grammy ya albamu bora ya injili ya asili. Ilikuwa Grammy yake ya tatu, na ya kwanza tangu mwaka 1994.

Nimeishi na albamu hii kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikiirudia nakwama palepale, diski ya kwanza inapokwisha na ya pili inapoanza. Sauti ni ileile, ile yenye kona za Oklahoma, inayokunja neno mwishoni kama mtu anayekunja kitambaa. Imani ni ileile. Lakini kuna mgeni aliyekuwa ameketi nasi tangu wimbo wa kwanza, na sasa kiti chake kiko wazi. Mgeni huyo ni mauti.

Tuitazame kwanza diski ya kale, maana watu huiita "ya kale" kana kwamba nyimbo zake zimetoka mahali pamoja pasipo na jina. Zina kwao. Na mbili kati ya hizo zina kwao karibu mno na kwao Reba.

Reba alizaliwa mwaka 1955 McAlester, akakulia kwenye ranchi huko Chockie, kusini mashariki mwa jimbo la Oklahoma. Eneo hilo lote lilikuwa Taifa la Choctaw. Waindiani wa kabila hilo waling'olewa kwa nguvu kutoka Mississippi kuanzia mwaka 1831, wakatembezwa hadi magharibi, wengi wakafia njiani. Baadhi yao, wale wenye mali, walikwenda na watumwa weusi. Miongoni mwa watumwa waliofanya kazi katika ardhi hiyo ni Wallace Willis, ambaye mwenye kummiliki alikuwa Mchoctaw. Willis na mkewe Minerva walikuwa wakikodishwa kufanya kazi katika shule ya bweni ya wavulana iliyoitwa Spencer Academy. Mkuu wa shule hiyo, mchungaji Alexander Reid, aliwasikia wakiimba. Kati ya nyimbo hizo ilikuwamo "Swing Low, Sweet Chariot", na Willis ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wake. Inasimuliwa kwamba Mto Red uliopita kusini mwa hapo ndio uliomkumbusha Yordani, na gari la moto lililomchukua nabii Eliya.

Fikiri kidogo hali ya mtu yule. Hamiliki mwili wake. Akiugua, hasara ni ya bwana wake. Akitoroka, atawindwa. Halafu anaimba kwamba kuna gari linakuja kumchukua yeye, kwa ajili yake, kumpeleka nyumbani. Hakuna mstari hata mmoja katika wimbo ule unaoomba kazi iwe nyepesi. Hauombi chochote cha upande huu wa mto. Unatazama ng'ambo, na unamwona anayekuja.

Reid alipowasikia waimbaji wa Fisk Jubilee Singers, wanafunzi weusi wa chuo cha Fisk walioanza ziara zao mwaka 1871 kukichangia fedha chuo chao, aliwapa nyimbo za Wallace na Minerva. Wao ndio walioufikisha "Swing Low" kwa dunia, na mwaka 1909 ukarekodiwa. Chuo cha Fisk kiko Nashville. Kwa hiyo wimbo ulitoka Taifa la Choctaw ukafika mikononi mwa watu wa Nashville, na miaka 100 baadaye msichana wa ranchi akatoka ardhi ileile akaenda Nashville kutafuta riziki ya sauti, akasaini mkataba wake wa kwanza na kampuni ya Mercury mwaka 1975. Wimbo ulimtangulia njiani. Katika albamu hii anauunganisha na ule mwingine wa magari ya mbinguni uliopendwa na makundi ya sauti nne, na mdundo unachangamka kupita kiasi kwa masikio yangu. Mtu asiyejua habari za Wallace Willis anaweza kudhani ni wimbo wa matembezi. Ningependa ubeti mmoja tu, mmoja, uimbwe bila ala, ili tusikie mto.

Wimbo wa pili wenye kwao pale ni "I'll Fly Away". Albert Brumley alizaliwa mwaka 1905 karibu na Spiro, pia katika ardhi ya Choctaw, miaka miwili kabla Oklahoma haijawa jimbo. Alikuwa akichuma pamba shambani kwa baba yake, akivuma wimbo wa zamani wa mfungwa anayetamani mabawa ya malaika aruke juu ya kuta za gereza. Hapo akapata wazo. Aliuandika mwaka 1929, ukachapishwa mwaka 1932 na kampuni ya Hartford kule Arkansas, wakati uchumi wa Marekani umeporomoka na wakulima wa eneo lile wakikaribia miaka ya ukame na dhoruba za vumbi. Ni mmoja wa nyimbo za injili zilizorekodiwa mara nyingi kuliko zote, na ukiuchunguza hauna kitu kingine ndani yake ila furaha ya kufa. Naam, furaha ya kufa. Siku chache za kuchoka zimebaki, kisha naruka. Watu huuimba wakitabasamu, fidla ikicheka, miguu ikigonga sakafu. Reba anauimba hivyohivyo, na hapa yuko sahihi kabisa, kwa sababu wimbo huu haujui kuomboleza.

Ukishaona hilo, nyimbo nyingine za diski ya kwanza zinaanza kujipanga zenyewe. "When the Roll Is Called Up Yonder" aliuandika James Black mwaka 1893. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili huko Pennsylvania, na inasimuliwa kwamba alimkaribisha darasani binti wa mlevi mmoja, aliyevaa matambara. Siku moja akawa anaita majina, na jina la binti yule likaitwa bila kuitikiwa. Alikuwa mgonjwa wa nimonia, na siku chache baadaye akafa. Wimbo wote umetoka katika ule ukimya uliofuata jina. "Softly and Tenderly" wa Will Thompson, wa mwaka 1880, ni mwito wa kurudi nyumbani, na unazungumza na mwenye kuchoka huku ukimkumbusha kwamba vivuli vinakusanyika na kitanda cha kufia kinakuja. Alipouawa Martin Luther King mwaka 1968, wimbo huo uliimbwa katika ibada ya kumkumbuka kanisani kwao Ebenezer, Atlanta. "In the Garden", ambao wengi huudhania ni wimbo wa kimapenzi na Bwana, unamhusu Maria Magdalena akiwa kaburini asubuhi ya Pasaka. Hata "Amazing Grace", uliotungwa na John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa aliyekuja kuwa mchungaji, una ubeti wa mwili na moyo kushindwa na uhai kukoma.

Wimbo ulionigusa kuliko yote kwenye diski hii ni "Softly and Tenderly", anaouimba na Kelly Clarkson na Trisha Yearwood. Wanawake watatu wenye sauti za kujaza uwanja, wote wamejizuia. Reba anaanza karibu kwa kunong'ona. Hakuna anayeshindana. Sauti zinapokutana kwenye neno la kuita mtu arudi nyumbani, unasikia kitu ambacho studio haiwezi kukitengeneza: watu wanaojua kwamba wimbo ni mkubwa kuliko wao. Mama yake Reba, Jacqueline, ndiye aliyewafundisha watoto wake kugawana sauti ndani ya gari, kwenye barabara ndefu za rodeo, baba yao Clark akiwa usukani. Elimu ile inasikika hapa.

Sasa diski ya pili.

Ni kazi nzuri. Nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya. Reba hajawahi kuimba ovyo, na nyimbo hizi zimetungwa na watu wanaoijua kazi yao. "I Got the Lord on My Side" aliutunga yeye pamoja na mama yake, na furaha yao unaisikia. "God and My Girlfriends" unasema jambo la kweli kuhusu wanawake wanaobebana siku mbaya. Lakini hesabu nyimbo hizi zinamwomba Mungu afanye nini. Awe nami. Anishike mkono. Aniwekee malaika begani. Anivushe siku ya leo. Ni sala halali kabisa, nami husali hivyo. Ila zote ziko upande huu wa mto.

Mfano wangu mkuu ni "There Is a God", wimbo ambao Lee Ann Womack aliurekodi kabla yake. Unataka kuthibitisha kwamba Mungu yuko, na ushahidi wake unakuja mmoja baada ya mwingine: mti wa miaka 100, mbegu inayochipua, moyo wa mtoto unaodunda kwenye kipimo cha mjamzito. Kisha inakuja sauti ya daktari akikiri kwamba hawezi kueleza, ila saratani imetoweka. Nilipousikia mara ya kwanza nilifurahi pamoja na mgonjwa yule. Mara ya pili nikajiuliza habari za mgonjwa wa chumba cha pili, ambaye saratani yake haikutoweka. Wimbo huu hauna neno kwake. Ukimwimbia, unamwambia kwamba ushahidi umepita mlango wake. Lakini mwimbie "I'll Fly Away", naye ana mahali pa kushika.

Na angalia tofauti nyingine. Wimbo unaofunga diski ya kwanza, "How Great Thou Art", nao unatazama radi, nyota, misitu na ndege. Ni vitu vilevile. Ila wenyewe haubishani na mtu. Haumtafuti asiyeamini ili umshinde kwa hoja. Unashangaa tu. Sisi tunaoimba Kiswahili tunaujua kwa neno hilohilo tangu mstari wa kwanza, "Bwana Mungu nashangaa kabisa", na sijaona tafsiri iliyoshika kiini cha wimbo kwa neno moja namna ile. Wimbo mpya unauliza unahitaji ushahidi gani zaidi. Wa zamani unapiga magoti kabla swali halijaulizwa.

Mtu atanijibu kwamba dunia imebadilika, na atakuwa na haki. Wakati wa Anna Warner na James Black, kifo kilikuwa nyumbani. Watoto walikufa kwa nimonia na kuhara, wanawake walifia uzazini, maiti ilioshwa na jirani na kulazwa sebuleni. Mtunzi hakuwa na njia ya kumkwepa mgeni huyu. Leo, Marekani kwa namna ya pekee, kifo kimehamia hospitali na kampuni za mazishi. Redio nazo zina lao. Kituo kikubwa cha Kikristo nchini humo, K-LOVE, kinajinadi kwa kusema kwamba ni cha matumaini na cha kutia moyo, na mtunzi anayetaka wimbo wake uchezwe asubuhi, mama akiwapeleka watoto shule, hawezi kuanza na jeneza. Nayaelewa yote hayo. Ila tukumbuke nyimbo za kale nazo zilitia watu moyo. Zilifanya hivyo kwa kuliweka jeneza katikati ya chumba, kisha kuimba juu yake.

Tena Reba si mtu ambaye kifo kilimpitia mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 1991, baada ya onyesho San Diego, ndege iliyowabeba wapigaji wake ilijibamiza kwenye mlima wa Otay dakika chache baada ya kuruka. Walikufa wanamuziki wake 7, meneja wao wa safari na marubani wawili. Yeye alikuwa amebaki kulala mjini. Mwaka uleule alitoa albamu "For My Broken Heart" kwa ajili yao, albamu ya majonzi mwanzo hadi mwisho, na ikawa miongoni mwa kazi zake zilizopendwa zaidi. Baba yake alifariki mwaka 2014. Ndoa yake ya miaka 26 ilivunjika mwaka 2015. Aliingia kurekodi nyimbo hizi za imani akiwa amebeba yote hayo. Ndiyo maana diski ya kwanza inasikika kama ya mtu anayejua anachosema. Na ndiyo maana diski ya pili inanihuzunisha kidogo: mwimbaji ana mengi kuliko aliyopewa kuyaimba.

Kuna wimbo mmoja wa diski hiyo unaonikatalia hoja yangu, nami nafurahi kukataliwa. Ni "Back to God", alioutunga Randy Houser na Dallas Davidson. Unaanza kwa kuuliza kama umesikia vilio vya akina mama, kama unageuza uso unapowaona wasio na hatia wakifa. Kisha unaagiza: piga magoti, lia, gonga sakafu, liite jina lake. Hapa Reba anaiachia sauti yote. Hii ni zaburi ya maombolezo iliyovaa buti za kantri, na mgeni wetu amerudi kiti chake. Wimbo mwenyewe haupeleki mtu mbinguni, unataka dunia hii irudishwe kwa mwenyewe, lakini angalau hausemi kila kitu ni shwari. Kama nyimbo nne tu za diski ya pili zingekuwa na uzito huu, nisingekuwa naandika makala haya.

Wala haiwezi kusemwa kwamba watunzi wa leo wameshindwa. Mwaka 2002 Randy Travis, aliyekuwa ameshaanza kuelekea kwenye injili, alitoa "Three Wooden Crosses", wimbo wa Doug Johnson na Kim Williams. Watu wanne ndani ya basi la kwenda Mexico, mkulima, mwalimu, kahaba na mhubiri. Lori linawagonga usiku. Misalaba mitatu ya mti inabaki kando ya barabara, na wimbo mzima unakuacha ukijiuliza nani wa nne aliyesalimika na kwa nini. Ulifika nambari moja kwenye orodha za kantri mwaka 2003 na ukapewa tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha muziki huo. Redio ziliucheza na watu waliulilia barabarani. Kwa hiyo wasikilizaji wapo. Anayewaogopa ni mwenye studio.

Haya nayaandika nikiwa Afrika Mashariki, na sijafika huku kwa kuzunguka. Kantri ni muziki wa nyumbani kwa watu wengi wa Kenya, na si wa jana. Jim Reeves alisikika redioni asubuhi za Jumapili mpaka sauti yake ikachanganyika kichwani mwetu na harufu ya chai na nguo za kanisani, wengine wakifuata, Kenny Rogers, Dolly Parton, na siku hizi kuna Wakenya wanaopanda jukwaani na gitaa na kofia pana, kama Elvis Otieno tunayemwita Sir Elvis. Na zile tenzi za diski ya kwanza, nyingi tunazo kwa Kiswahili tangu enzi za wamisionari, katika vitabu ambavyo bibi zetu walivifunga kwa leso. Hatuzisikilizi kama wageni.

Ndiyo maana nauona mwanya uleule kwetu. Miaka michache iliyopita tulimzika bibi yangu mzaa mama. Vijana wa sifa walikuja na kinanda na vipaza sauti, wakaimba nyimbo wanazoziimba Jumapili: za kuinuliwa, za kufunguliwa milango, za adui kuaibika. Waliimba vizuri, kwa upendo. Lakini jeneza lilipoanza kushuka, waliishiwa. Kinanda kikapapasa sauti mbili tatu, kikanyamaza. Mama mmoja mzee, bila kuombwa, akaanza "Kaa nami, ni usiku tena", na watu wote pale, mpaka wale vijana, wakaingia sauti ya pili na ya tatu kana kwamba walikuwa wakingoja ruhusa. Sijawahi kuisahau nafuu ile kwenye nyuso zao.

Kwaya zetu, kwa haki, hazijasahau kama waimbaji binafsi walivyosahau. Ambassadors of Christ wa Kigali waliuimba mji wa mbinguni kwa Kiswahili katika "Kwetu Pazuri", na wimbo ule ukavuka mipaka yote ya ukanda huu, ukaingia kwenye matatu, kwenye daladala, kwenye harusi na kwenye misiba. Ni ndugu halisi wa "I'll Fly Away": furaha ileile, macho yaleyale yanayotazama ng'ambo. Mwaka 2011, wakirejea nyumbani kutoka Tanzania, walipata ajali barabarani na kuwapoteza wenzao. Waliosalia waliendelea kuimba. Tangu hapo siwezi kuusikia wimbo ule bila kuwaza waliokuwa wameshajifunza maneno yake mapema, kama nisivyoweza kumsikia Reba akiimba juu ya mabawa bila kuwaza mlima wa Otay.

Nina lawama moja ya mwisho kwa waliopanga albamu hii, nayo ni kuzitenga hizi diski mbili. Kuziweka tenzi zote upande mmoja na nyimbo mpya upande mwingine ni kama kuwakalisha wazee chumba chao na vijana chao siku ya sikukuu. Kila upande unakosa wa kumjibu. "There Is a God" ukiwa peke yake unajigamba. Ukiwekwa kabla tu ya "How Great Thou Art", unakuwa mtoto anayeonyesha vitu kwa kidole, kisha mzazi wake anavua kofia. Ile tabia ya mwimbaji wa kantri Johnny Cash, ambaye aliiacha kampuni ya kurekodi ya Sun kwa sababu, pamoja na mengine, hakuruhusiwa kurekodi albamu ya tenzi, ilikuwa ya kuuchanganya ulevi, jela, treni na kaburi na Bwana katika onyesho moja. Watu wa kantri wamejua siku zote kwamba Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi ni za mtu yuleyule.

Kwa hiyo nyumbani kwangu nimeivunja orodha, nikazipanga upya. Naanza na "Back to God", akina mama wakilia. Unafuata "Softly and Tenderly", uwajibu. Kisha "I Got the Lord on My Side", ili nimsikie Jacqueline, ambaye naye alifariki mwaka 2020, katika maneno aliyoyaandika na binti yake. "There Is a God" nauweka hapo katikati, na mara moja baada yake "How Great Thou Art". Stuart Hine, mmisionari Mwingereza aliyeupa wimbo huo maneno ya Kiingereza tunayoyajua leo, aliongeza ubeti wa mwisho baada ya vita, akiwa kati ya wakimbizi wa Ulaya Mashariki waliomuuliza kila siku swali moja: tutarudi nyumbani lini? Ubeti huo ndio ule tunaouimba "Yesu Mwokozi utakaporudi, kunichukua kwenda mbinguni", na mimi huuimba juu ya sauti ya Reba kwa Kiswahili, jikoni, bila aibu. Kisha gari la Wallace Willis. Kisha mabawa ya Brumley. Na "Jesus Loves Me" nimeutoa mwanzoni nikauweka wa mwisho, kitandani kwa yule mtoto wa kwenye riwaya, mahali ulipozaliwa.